Maji kwenye kayaki: nilivyohangaika mpaka nikakaa mkavu

Jumapili nilikuwa bwawa la Nyumba ya Mungu na kayaki yangu, masaa matatu majini na upepo juu, nashuka nashika suruali naikuta kavu. Kavu kabisa jamani! Nikapiga picha nikaweka status, na mdogo wangu mmoja wa Moshi akaniandikia, "Kaka unafanyaje, mi nikitoka majini hata soksi nakamua." Nikaanza kumjibu kwa voice note, zikafika tano, nikaona bora niandike.

Kayaki ni kamtumbwi kembamba, na yangu niliinunua imeshatumika, ya plastiki, ile ya kukaa ndani ya shimo miguu ikiwa imenyooka mbele. Nilijifunzia Duluti, hapo Tengeru. Duluti ni ziwa la kreta, limezungukwa na miti, upepo unafika umepoa, na bado nilikuwa nalowa. Nikasema basi imetoboka. Nikanunua silikoni, nikapaka kila mahali nilipohisi ufa, baada ya wiki mbili za jua imebanduka yote kama ganda la yai, kwa sababu plastiki ile ni polithini na gundi nyingi hazishiki polithini. Hela imeenda na maji yako palepale.

Kumbe maji yalikuwa yanatoka kwenye kafi! Kafi la pande mbili, ukichovya kulia ubao wa kushoto uko juu, maji yanateremka na mpini mpaka mkononi, kiwiko, mapajani. Tone tone, ukikaa lisaa limoja umekalia dimbwi. Dawa yake nilitoa kwenye tyubu ya pikipiki, nikakata duara mbili kama sahani ndogo, katikati tundu dogo kuliko mpini ili libane, nikazisukuma moja kila upande mpaka karibu na ubao. Maji yakifika pale yanadondokea nje. Tyubu mbovu gereji wanakupa bure, kwa hiyo anza na hiyo kabla hujanunua kitu chochote.

Ila Nyumba ya Mungu sio Duluti. Lile bwawa linapokea Kikuletwa na Ruvu, liko wazi, na mchana upepo ukiamka mawimbi yanakuja mfululizo. Mara ya kwanza wimbi liliingia mapajani, la pili likafuata, kayaki ikawa nzito haisikii kafi. Lita moja ya maji ni kilo moja, zikiingia 40 una kilo 40 ndani zinazokimbia kushoto ukiinamia kushoto na kulia ukiinamia kulia. Mzee mmoja mvuvi akasogeza mtumbwi wake, akanirushia dumu lililokatwa, akaniambia, "Fua maji mwanangu, usishangae." Nilifua, nachota namwaga nje, huku natetemeka. Mungu ambariki yule mzee.

Nikaona nahitaji kifuniko cha kuziba lile shimo ninalokalia, kinachonibana kiunoni ili wimbi lisiingie. Nikaenda kumuuliza jamaa mmoja anayepeleka wageni majini, nilimheshimu sana. Akaniangalia juu mpaka chini akasema vitu hivyo havitengenezwi mtaani, agiza nje au acha. Mbele za watu. Mpaka leo inaniuma, nisifiche.

Nikakitengeneza mwenyewe. Turubai la lori, yale mazito. Soko la mitumba la Memorial, Moshi, nikapata nguo ya mpira ya kupigia mbizi, imechanika miguu lakini kiunoni nzima, ndio ikawa sehemu ya kubana kiuno. Mama mmoja fundi cherehani akaniunganishia, pembeni akakunja pindo tukapitisha ile kamba ya mpira ya kufungia mizigo kwenye bodaboda, inakaa chini ya mdomo wa shimo. Maji yakawa yanatuama katikati, nikaweka chini kipande cha bomba la plastiki nimekikunja kama upinde, sasa yanateremka pembeni. Matundu ya sindano yalikuwa yanavujisha, nikapaka gundi ya kuzibia pancha kwenye mshono, yakanyamaza.

Sasa hapa nisikilize vizuri mdogo wangu. Turubai la kwanza nilitumia kamba ya kawaida na nikafunga fundo, nikiona nimeweza. Nikajipindua makusudi Duluti karibu na ukingo, rafiki yangu amesimama pembeni. Nikatafuta fundo chini ya maji sikulipata. Yeye ndiye aliyenigeuza. Usifunge fundo, tena usifunge kabisa! Shona kitanzi mbele kabisa, kiwe nje, rangi ya kuonekana, ukivuta mara moja lote lifunguke. Lijaribu kwenye maji ya kifuani na mtu pembeni, mara kumi, ukiwa umefumba macho. Na kila ukivaa turubai angalia kitanzi kiko nje. Life jacket vaa, sio uilaze nyuma ya kiti. Mtu anayetafuta ukavu halafu anasahau njia ya kutokea anajitafutia msiba, na vijana wengi tunapenda kuonekana tumeweza kabla hatujajaribu.

Nyuma ya kiti mi nimejaza tyubu ya gari yenye upepo, maji yakiingia yanakosa nafasi. Na sponji kubwa, basi.

Usikate turubai lako bado. Pima mdomo wa shimo kwa uzi, uzungushe nje yote, ongeza vidole vinne vya pindo. Jumamosi nashuka Moshi, uzi uwe tayari, kwa yule mama fundi tutaenda wote.