Kichefuchefu cha mimba changa na kazi ya dukani

Mdogo wangu, umesema mimba yako ina wiki 8 na kwamba kila asubuhi unatapika kwenye daladala la Fuoni kabla hujafika dukani Darajani. Pole sana. Hali hiyo kwa kawaida huanza karibu na wiki ya 6, huzidi karibu na ya 9, na kwa wanawake wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16.

Tumbo tupu ndilo linalochafua roho zaidi, kwa hiyo weka biskuti kavu au kipande cha mkate wa ajemi karibu na kitanda, ule kabla hujainuka, kisha utulie kama robo saa. Na ukiwa kazini ule kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, badala ya kungoja chakula cha mchana. Tangawizi huwasaidia baadhi ya wanawake. Vitamini B6 hutumika pia, lakini kipimo chake akupangie mkunga, na umwambie iwapo vidonge vya madini ya chuma vinakuzidishia kichefuchefu, kwani huenda akakubadilishia saa ya kuvimeza.

Najua wengi wetu huona haya kuitaja mimba changa, lakini mimi ningemweleza mwenye duka mapema, ili akuweke mbali na harufu ya samaki inayotoka sokoni.

Ikiwa hata maji hayakai tumboni kwa siku nzima, mkojo umekuwa mweusi au unasikia kizunguzungu unaposimama, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani zipo dawa za kuzuia kutapika ambazo mjamzito huandikiwa.