Re: Kwa nini digrii ni 2 na sio 4?

Mambo mkuu. Kwa hiyo umekwama kwenye (x² + 3)² − x⁴ + 5x, wewe umeandika digrii (yani kipeo kikubwa kabisa, ile namba ndogo ya juu ya x) ni 4 ila majibu ya nyuma yanasema 2. Kitabu kiko sawa. Hata mimi nilikua napigwa hapo hapo, naona kipeo kikubwa nakimbilia kujibu kabla sijafungua mabano.

Kwanza fungua mabano upate x⁴ + 6x² + 9, sasa ukitoa ile x⁴ ya nje zinafutana zote, unabaki na 6x² + 5x + 9, ndo hapo kipeo kikubwa kinakua 2. Yani digrii unaisoma mwishoni ukishajumlisha vinavyofanana, sio mwanzoni.

Hiyo 7x²y³ uliyoulizia chini, herufi zikiwa mbili kwenye kipande kimoja unajumlisha vipeo vyake, 2 + 3 = 5, wengi wanajibu 3 hapo.

Na ukikuta x iko chini ya mstari kama 4/x usihangaike kutafuta digrii, hiyo sio polinomia kabisa, maana kipeo chake ni −1, na polinomia ni zile hesabu za herufi ambazo vipeo vyake haviwi hasi.