Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi anapata nini kwenye maigizo?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na zinahusu maigizo shuleni. Tumechagua nne.

Habari za kazi, wahariri. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Kila Jumatano na Ijumaa anachelewa kurudi kwa sababu ya klabu ya maigizo, na mwakani ana mtihani wa taifa. Nimwache au nimtoe? – Mzazi, Mafinga

Mwache, mzazi mwenzetu, ila uliza wanafanya nini huko. Mwaka 2000 Ellen Winner na Lois Hetland wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliongoza kazi ya kupitia tafiti nyingi ili kuona kama sanaa huinua alama za masomo mengine. Madai mengi hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Maigizo ya darasani ni kati ya machache yaliyosimama: watoto walioigiza hadithi waliielewa vizuri zaidi, na faida hiyo ikaonekana hata kwenye maandishi ambayo hawakuyaigiza. Usitegemee basi kwamba Hisabati itapanda. Tegemea Fasihi na ufahamu.

Sababu yake si ngumu. Anayeigiza analazimika kujiuliza kwenye kila kauli: huyu mhusika anataka nini kwa mwenzake, nani anamzuia, na kwa nini aseme sasa hivi? Hapo tayari anachambua migogoro. Aliyekariri notisi huandika "mhusika huyu ni mbinafsi" kisha akakosa mfano. Aliyeigiza anakumbuka ubinafsi huo ulifanywa lini na ulimuumiza nani.

Ipo na faida isiyoonekana kwenye karatasi ya mtihani. Mradi wa TUSEME, ulioanza 1996 chini ya Penina Mlama na Amandina Lihamba, wahadhiri wa sanaa za maonesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuyataja matatizo yanayowakwamisha shuleni, kuyaigiza mbele ya watu, kisha kuyajadili na kutafuta ufumbuzi. Msichana asiyethubutu kumwambia mwalimu jambo usoni hulisema kupitia mhusika.

Sasa muulize binti: una maneno mangapi kwenye igizo? Kama muhula mzima yeye ni mlinzi anayesimama mlangoni kimya, anachopata ni kidogo, na hilo lizungumze na mwalimu. Siku mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, zinatosha. Zikizidi kabla ya wiki mbili za mwisho kuelekea onesho, ujue mazoezi hayana mpango.

Nafundisha Kiswahili, wanafunzi 60, kipindi dakika 40. Nikijaribu kuigiza tamthilia, wawili wanaigiza na 58 wanacheka. Nifanyeje? – Mwalimu, Tukuyu

Mwalimu, kinachokukwamisha ni hao 58 kuwa watazamaji. Waondoe kwenye utazamaji, wote waigize kwa wakati mmoja.

Chagua kipande cha nusu ukurasa chenye wahusika wawili. Kikisemwa kwa sauti huchukua kama dakika moja. Nakala zikiwa chache, kiandike ubaoni kabla ya kipindi. Gawa darasa katika vikundi 20 vya watatu: wawili waseme, wa tatu aangalie akiwa na swali moja tu, "wapi nimemwamini, wapi sijamwamini?" Dakika tatu zitaishia kwenye kugawana. Tano zinazofuata, kila mmoja aandike kitenzi kimoja kando ya kila kauli yake: kuomba, kukwepa, kutishia, kubembeleza. Usiruke hatua hii hata muda ukiwa mfinyu, kwa sababu bila kitenzi watasoma tu kwa sauti kubwa na kuita huko kuigiza. Dakika 12 waigize huku wakipokezana nafasi ya mwangalizi. Dakika 10 vikundi viwili vioneshe mbele, vikichaguliwa kwa kura. Ukiomba wa kujitolea utapata walewale kila siku. Dakika 10 za mwisho ni za daftari: sentensi nne kuhusu mhusika mmoja, na mfano mmoja kutoka kwenye kipande.

Kelele zitakuwepo. Kama hakuna mvua, watoe nje, vikundi viachane hatua tatu au nne.

Yanayoharibika mara kwa mara ni haya. Mwenye karatasi huzika uso ndani yake, kwa hiyo fuata kanuni: soma kimya, inua macho, ndipo useme. Hasira hugeuka makelele; mwambie mwigizaji arudie kauli ileile kwa kunong'ona, atashangaa ilivyo kali. Mvulana na msichana wakiigiza mume na mke, darasa hulipuka kwa kicheko. Wiki za mwanzo panga jinsia moja na kataza kugusana. Na kwa wanaozungumza Kinyakyusa nyumbani, ambao "r" huwageukia "l", usimkatize mtu katikati ya igizo. Ukimkatiza ataacha kumsikiliza mwenzake aanze kusikiliza ulimi wake. Andika kosa pembeni, lirekebishwe mwishoni.

Shikamooni. Sauti yangu haifiki nyuma, na nikilazimisha inakauka. – Mwanafunzi, Njombe

Marahaba. Unakaza koo badala ya kusukuma pumzi. Lala chali, mkono tumboni, vuta pumzi hadi mkono uinuke, kisha itoe polepole kwa "sss". Anza na sekunde 15, ongeza hadi 25. Asubuhi za Juni na Julai huko kwenu ni za baridi, hivyo anza kwa kuguna taratibu dakika tano kabla ya kupaza sauti. Pia malizia maneno. Wengi huanza sentensi kwa nguvu na kuiacha ife mwishoni, na mara nyingi mwisho ndipo penye habari.

Klabu yetu inataka kuigiza maisha ya Mkwawa, mtwa (mtawala) wa Wahehe, mwishoni mwa mwaka. Tushauri. – Mwenyekiti wa klabu, Iringa

Msiigize maisha, igizeni saa moja ya maisha hayo. Kutoka ushindi wake dhidi ya Wajerumani huko Lugalo, Agosti 1891, hadi kifo chake Julai 1898 ni karibu miaka saba, na igizo la shule haliendi vizuri zaidi ya dakika 20. Mkiibana miaka yote mtaishia na msimulizi anayesema kila kitu huku wengine wakipita jukwaani kama gwaride.

Vita iacheni nje ya jukwaa. Fimbo zinazoitwa mikuki huumiza macho, na vita ya watu sita huchekesha. Mleteni mjumbe anayefika Kalenga, ngome ya Mkwawa, akihema, na anayemsikiliza ana la kuamua. Kabla ya kuandika, nendeni makumbusho ya Kalenga, linakohifadhiwa fuvu lake lililorejeshwa 1954, na mwulizeni mzee anayejua namna Wahehe walivyomsalimu mtwa. Salamu ikikosewa, wazee waliokaa mbele hawatasikia kingine.

Mtahitaji wiki sita: ya kwanza ya utafiti, ya pili ya kuandika, tatu za mazoezi, ya mwisho kwa maleba (mavazi ya jukwaani) na kupita igizo zima bila kusimama. Mwisho wa mwaka ni msimu wa mvua. Kama ukumbi ni wa mabati bila dari, pangeni onesho asubuhi, maana mvua ikianza hakuna sauti itakayosikika.