Lambda inakufa haraka, mbona ndani ya nyota haifi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Toleo lililopita mlisema chembe inayoitwa lambda ikizaliwa tu inakufa, halafu ukurasa uleule mkasema iko ndani ya nyota za nyutroni (masalia yaliyobanwa mno ya nyota kubwa zilizolipuka) na inakaa humo daima. Sasa tushike lipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Yote mawili shika. Lambda ikiwa peke yake haifikishi hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde, inapata kama robo yake tu, inavunjika kuwa protoni na pioni (chembe nyepesi) au nyutroni na pioni. Sasa hiyo nyutroni au protoni mpya lazima ipate pa kukaa, na kule katikati ya nyota msongamano ni mara mbili tatu ya kiini cha atomu (kiini chenyewe kijiko kimoja cha chai ni kama tani bilioni moja, jamani), nafasi zote za nishati ya chini zimeshajaa na sheria ya Pauli (chembe mbili za aina hii hazikai nafasi moja) sio daladala, hakuna kupakatana, kwa hiyo lambda haiwezi kuvunjika hata ikitaka. Tena nyutroni zilizosukumwa juu kabisa zina nishati nyingi mno mpaka inakuwa nafuu zigeuke lambda, ingawa lambda ni nzito kwa karibu asilimia 19, maana kwa lambda nafasi za chini bado ziko wazi.

Balaa linaanzia hapo. Zikishageuka presha inashuka, nyota inalegea, na hesabu nyingi zikawa zinasema nyota yenye lambda haiwezi kufika uzito mara mbili ya Jua (jua 2) bila kuporomoka kuwa shimo jeusi. Halafu 2010 wakapima pulsa (nyota ya nyutroni inayozunguka na kutuma mapigo ya redio) J1614-2230, karibu jua 2. 2013 ikaja J0348+0432, wakati huo ikapimwa jua 2.01, ingawa vipimo vya karibuni vimeishusha. Mgongano huo wataalamu wanauita fumbo la haiperoni, yaani la chembe za jamii ya lambda.

Mimi naona wenye hoja nzuri ni wanaosema lambda ikikutana na nyutroni mbili kwa mpigo zinasukumana, ndo nyota inakaza tena. Kuthibitisha ndo kazi. Kiini chenye lambda ndani kilionekana Warsaw na Danysz na Pniewski miaka ya 50 mwanzoni, kwenye filamu ya kunasa njia za chembe, iliyorushwa angani na puto: mistari imetawanyika kama miale, mstari mmoja mnene unatoka pale, mbele kidogo unapasuka tena. Toka hapo tunajua kiini kinaivuta lambda, ila huo ni msongamano wa kiini cha kawaida, wa kule katikati ya nyota hakuna maabara inayoweza kuutengeneza ukatulia tukaupima.