Barua kwa mwanangu: dola na serikali

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika. Unasema mhadhiri aliwauliza tofauti ya dola na serikali, ukajibu ni kitu kimoja, darasa likacheka. Usione haya. Hata mimi ningejibu hivyo kabla ya Novemba 1985.

Nilikuwa karani mgeni kwenye mahakama ya mwanzo. Mwalimu Nyerere alipong'atuka tukaletewa picha ya Mzee Mwinyi, na mimi, kwa kuwa ndiye mdogo, nikaambiwa nipande mezani niishushe ya zamani. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe pee, kwingine kote chokaa imeshakuwa rangi ya vumbi. Nikatundika mpya, nikashuka, hakimu akaita kesi inayofuata. Mshitakiwa wa wizi wa mbuzi hakuachiwa eti rais amebadilika. Bibi na bwana kwenye nembo walibaki palepale, na madeni ya nje yaliyokopwa enzi za Mwalimu yakaendelea kudaiwa. Iliyoondoka ni serikali. Iliyobaki ikidaiwa na kuhukumu ndiyo dola.

Sasa tazama Somalia, Januari 1991. Rais Siad Barre alipokimbia Mogadishu hakuondoka peke yake: mahakama, polisi na benki kuu vyote vilisambaratika. Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, alisema mwaka 1919 kwamba dola ni ile inayodai kuwa yenyewe tu ndiyo yenye haki ya kutumia nguvu katika eneo lake. Pale kila kundi lilikuwa na bunduki na kizuizi chake barabarani. Taifa la Wasomali, hata hivyo, halikufa. Lipo mpaka Kenya, Ethiopia na Djibouti, na lugha yake ni ileile.

Neno linalonitoa jasho mimi ni "nchi". Katiba ya Muungano ya 1977 inasema Tanzania ni nchi moja. Katiba ya Zanzibar, tangu marekebisho ya 2010, inasema Zanzibar ni nchi. Ina rais, baraza la wawakilishi na bendera. Kiti cha Umoja wa Mataifa ilikuwa nacho tangu Desemba 1963 hadi Muungano, Aprili 1964. Humu ndani, mimi wa Pangani na mama yako wa Unguja, hatujawahi kuelewana juu ya hilo.

Anakusubiri likizo akuulize. Njoo na daftari lako, na tafadhali usimjibu kabla hajapakua.

Baba yako