Uliza Fundi: Herufi za mbao, niagize au nichonge?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msichana wa Kisauni, natengeneza mabango kwa kompyuta. Nimependa mno yale yanayochapwa kwa herufi za mbao, yenye maandishi mazito, na nataka kujifunza kuyabuni na kuyachapa mwenyewe. Sina mashini wala herufi, na seti moja kutoka Marekani ni pesa nyingi. Nijikaze niagize? — Mkono Mtupu, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiagize, na bei si sababu kubwa. Seti zile zilipangwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha inayokula E. Yetu inakula A. Chukua bango dogo tu: TAARAB LEO MAKADARA. A saba, E moja. Seti za mbao huelezwa kwa idadi ya A zake. Yenye A tatu inakwisha kwenye TAARAB, na Makadara hufiki.

Kompyuta haijapata kukunyima herufi, ndiyo maana hujawahi kujiuliza. Hapa utajiuliza kila siku. Ama unabadili maneno (TAARAB LEO USIKU, A tatu, zimetosha), ama MAKADARA unaipanga kwa herufi za sura nyingine. Hayo mabango ya zamani yenye mistari isiyofanana, sababu mojawapo ni hiyo: fundi alipanga alichokuwa nacho, na neno refu akalipa herufi nyembamba ili lienee.

Basi chonga zako. Darius Wells wa New York, aliyeanza kuzikata kwa mashini mwaka 1827, alitumia uso wa mti uliokatwa kukingama, pale zinapoonekana pete, maana hapo nyuzi hazichanuki. Hiyo ni kazi ya baadaye. Wewe anza na lino (linoleamu, ile ya kutandika sakafuni, laini kuchonga) iliyogundishwa juu ya ubao. Andika kwa penseli laini kwenye karatasi, igeuze juu ya lino, sugua. Herufi itajiandika kinyume, na ndivyo inavyotakiwa ili ikichapwa isomeke sawa. A haina kinyume, bahati yetu. Za kukutia aibu ni N na S.

Mashini huihitaji bado. Paka wino wa mafuta, ule wa matbaa, kwa rola na uwe mwembamba sana. Ukijaa, matundu ya B yanazibika. Weka karatasi, sugua mgongoni kwa mwiko. Herufi iliyofifia iko chini ya wenzake: gundisha kipande cha karatasi chini yake. Lakini tangu mwanzo pima lino na ubao pamoja vifike milimita 23.3, kimo cha herufi za Uingereza na Marekani, ili siku ukipata mashini ya kwao usianze upya. Nafasi kati ya maneno zijazwe vibao vifupi visivyogusa wino, kisha ubane yote kwa kabari ndani ya fremu.

Kusafisha ni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na jiko. Maji hapana, hata tone: mbao huvimba, na hewa yetu ya pwani inatosha kuzisumbua. Usizilaze sakafuni wala usizianike juani.

Chonga A nane kwanza, halafu I, K, U na M. Q na X ziache kabisa. Sijui ungezifanyia nini.