Diski ikikawia kujibu

Fundi, RAID yangu ya Linux (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ina diski nne za kawaida za kompyuta ya mezani. Kila baada ya wiki chache moja hutupwa nje, nami nikiipima naikuta nzima. Kulikoni?

Huenda ni nzima kweli, ila ina sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) moja mbili zinazosomeka kwa taabu. Diski za aina hiyo zikikwama huirudia sekta tena na tena, hata kwa zaidi ya dakika mbili, na muda wote huo hazijibu kitu. Kerneli, yaani kiini cha Linux, nayo kwa kawaida husubiri sekunde 30. Zikipita hujaribu kufuta amri, kisha kuiriseti (kuianzisha upya) diski ambayo bado imeng'ang'ania sekta yake, na mwisho huihesabu imekufa.

Unachotaka ni diski inayokata tamaa mapema na kurudisha kosa, ili RAID isome data kutoka diski nyingine na kuiandika upya sekta hiyo. Jaribu `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda`. scterc ni kikomo cha muda ambao diski inaruhusiwa kuhangaika na kosa; 70 hapo ni sekunde 7. Diski ikiikataa amri, ongeza subira ya kerneli: `echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout`. Fanya hivyo kwa kila diski, na uiandike kwenye kanuni za udev (sehemu ya Linux inayopanga vifaa vinapowaka), maana mashine ikizimwa mpangilio hupotea. Mimi mwenyewe nilishasahau, nikarudi mwanzo.

Basi si niweke 180 kote?

La. Siku diski ikifa kweli, programu zako zitaganda dakika tatu. Zinazokubali scterc ziache kwenye 30.

Kwenye diski yangu ya kasi ya aina ya NVMe naona `timeout, completion polled`. Data imepotea?

Haijapotea. Diski ilimaliza kazi, lakini interapti, yaani ishara ya kusema imemaliza, haikufika. Draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ilipochungulia foleni ya majibu muda ulipoisha, ikakuta jibu limekaa tu. Ukiongeza muda hapa utasubiri zaidi bure. Anza na programu dhibiti ya diski na BIOS (programu ya kuwashia mashine).

Naandika draiva. Kontrola moja (chipu inayoongoza diski ya NVMe) huvurugika ikiulizwa hali yake mara tu baada ya kuzimwa. Niwacheleweshe wote?

Mcheleweshe huyo huyo. Draiva ya NVMe ya Linux hutambua vifaa korofi kwa namba zao za PCI (namba za utambulisho wa mtengenezaji na kifaa), na wenye kasoro kama yako husubiriwa milisekunde 2300 kabla ya kuulizwa. Wengine hawaguswi. Na andika kando sababu ya namba uliyochagua, la sivyo atakayekurithi ataifuta.